Mahali Palipokuwa na Mlango

Mama yangu alianza kupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe wiki ile ile tuliyoihamisha. Nilikuwa ndani nachambua mchele, nikasikia, "Hodi hapa?" kwa ile sauti ya mtu aliyekuja kutembea. Nikadhani ni mzaha. Kabla ya homa mama alikuwa mtu wa mizaha sana, na mimi nilikuwa naisubiri irudi kama unavyosubiri stima irudi. Nikamjibu, "Karibu mama, ingia, kiti kile pale." Akaingia. Akakaa kwenye ncha ya kiti chake mwenyewe, mkoba mapajani, akatazama ukutani picha yake ya siku ya harusi, akasema, "Mko na nyumba nzuri." Mchele ukanimwagika.

Nyumba ya mabati inahamishika. Watu wa Kitengela wa siku hizi, wanaolala ghorofani, hilo hawalijui. Unang'oa misumari, unaandika namba kwa chaki kwenye kila bati, unapakia lori pamoja na mbao, na jua likizama nyumba yako imesimama mahali pengine, matundu ya misumari ya zamani yakipitisha mwanga. Yetu ilikuwa imesimama miaka mingi kwenye ardhi ya familia moja ya Kimaasai, iliyompa mama nafasi alipotoka Ukambani kuja kuuza maharagwe na mahindi, leo Kitengela, siku ya soko Bisil. Mwenye ardhi alipofariki, wanawe wakauza. Aliyenunua alitaka kujenga flati. Hatukudhulumiwa na mtu. Tulipewa muda wa kutosha. Kaka yangu mkubwa alikuwa amenunua ploti upande wa kwenda Isinya, na nyumba ikaenda huko bati kwa bati.

Lakini nianze na homa. Baada ya zile mvua za El Niño mama alishikwa na kichwa. Tukadhani ni malaria, maana sisi kila kitu ni malaria. Halafu akaanza kuzungumza na dada yake aliyekufa zamani, anamkaripia kwa nini hajajaza mtungi, na mwili ukaanza kumtetemeka. Tulimkimbiza hospitali kule Kajiado. Daktari akatuambia ni virusi, vimeingia kwenye ubongo, tuombe Mungu. Tuliomba. Kanisa zima liliomba. Mungu akajibu, ila alijibu nusu, na tukionana nitamwambia hivyo hivyo.

Mama alitoka hospitali anakula, anacheka, anatujua kwa sura na kwa majina. Nyimbo za kanisani za Kikamba aliziimba beti zote. Siku aliyonizaa aliisimulia mpaka rangi ya shuka. Jipya ndilo halikukaa. Ukimwambia mchungaji wetu amehamishwa, anasikitika kwelikweli. Ukirudi na chai anakuuliza mchungaji hajambo. Mwanzoni nilikuwa namkumbusha. Baadaye nikaona namwonea tu, kila mara anaanza kusikitika upya, nikaacha.

Kaka yangu alitaka mlango ufungwe kufuli tukiwa kazini. Yeye alikuwa kiwandani Athi River, mimi nilikuwa na kazi yangu, na mchana mama alibaki peke yake. "Akigongwa na lori hapo barabara ya Namanga utaniambia nini?" akauliza. Nikamwambia, "Na wewe ukimfungia mwaitu, mama yako, kama mbuzi utamwambia nini?" Tuligombana mpaka majirani wakazima redio wasikilize. Mwishowe tukaafikiana: maadamu mama anaenda dukani na kurudi mwenyewe, mlango uko wazi. Siku atakayopotea, kufuli. Kaka akalinunua kabisa, kufuli kubwa la shaba, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Likakaa pale miaka, na kila nikitoka asubuhi nililiona.

Mama hakupotea hata siku moja. Nilimfuata mara kadhaa bila yeye kujua, nikaona anavyofanya. Akitoka dukani anatafuta paa jekundu la kanisa, halafu tangi jeusi la jirani, halafu anageuka mpaka milima ya Ngong iwe upande wa mkono wake wa kushoto, na hapo miguu inamchukua yenyewe mpaka mlangoni. Mlangoni anainama. Sote tuliinama. Fundi aliyejenga alikata mbao fupi, na mlango wetu ukatoka mfupi kiasi kwamba kaka, ambaye ni mrefu kama mlingoti, alikuwa na alama ya kudumu kwenye paji la uso. Wageni waligonga vichwa. Mama alizoea kuwapigia kelele kutoka ndani, "Chungeni kichwa!" na akiwa amechelewa, anacheka kwanza ndipo atoe pole.

Sasa kazi yangu. Hapo ndipo naona kuna mtu huko juu alikuwa ananichezea. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo cha utafiti, katika nyumba ya panya. Hao si panya buku wa sokoni, ni wadogo weusi, safi kuliko watoto wengi, wanalala kwenye maranda na kula chakula cha kupimwa. Nilianza nikiosha keji zao. Baadaye daktari mwenye utafiti, mtu mnyamavu wa kutoka Kakamega, mpenda chai ya maziwa mengi, akanifundisha kuwaogelesha.

Kulikuwa na beseni la duara, kubwa la kutosha kumwogesha ndama. Maji yanatiwa unga wa maziwa mpaka yawe meupe, panya asione chini. Mahali fulani, chini kidogo ya uso wa maji, kuna kibao cha kusimama. Panya hapendi maji, basi anazungukazunguka mpaka akigonge kile kibao, anapanda, anapumua. Ukimrudisha kesho na keshokutwa, anakwenda moja kwa moja. Na kumbuka kibao hakionekani! Anakwenda kwa alama za ukutani: pembetatu nyeusi ya karatasi, pazia la milia, kalenda ya duka la mbegu, na hata mimi mwenyewe, niliyesimama kona ile ile na koti lile lile. Kwa hivyo kugusa ukuta ilikuwa mwiko. Mfagiaji mmoja alitundika kofia yake kwenye msumari, kofia tu, na yule daktari mpole akafoka mpaka miwani ikamtoka.

Alichokuwa anatafuta ni hiki: virusi vikiingia kwenye ubongo, na mgonjwa akapona, ni nini kinabaki na ni nini kimekwenda? Mtu huwezi kumfungua kichwa ukaangalia. Panya unaweza. Kwa hivyo tuliwafundisha panya beseni kwanza, kisha baadhi yao wakadungwa virusi. Waliougua na kupona walinenepa tena, manyoya yakang'aa, ungewachanganya na wenzao wazima usingewatambua. Hapo ndipo kibao kilihamishwa upande wa pili wa beseni, nasi tukatazama.

Sikumwambia daktari habari za mama. Ningeanzia wapi? Lakini nilipowaona wale panya waliopona, wananusa mkono wangu kwa furaha, nilikuwa nageuza uso. Panya akiogelea ana sauti ndogo sana, kama mtu anayenawa mikono chumba cha pili. Ile sauti ilinifuata nyumbani. Mama akinawa kabla ya kula, mimi nilikuwa nasikia beseni.

Mwisho wa kila kundi, panya walilazwa usingizi wasioamka, na ubongo ukakatwa vipande vyembamba. Siku moja daktari aliniita niangalie kwenye darubini. Kulikuwa na mahali pameliwa, kama blanketi lililoingiliwa na nondo. "Mambo mapya yanaingilia hapa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeonyesha kitu kizuri. Nilimshukuru. Nikaenda msalani nikajifungia, nikalia hadi kifua kikauma, maana nilikuwa nimeona ndani ya kichwa cha mama na sikuwa nimeomba kuona.

Tulihamisha nyumba katika miezi ile ile. Sote tulikubaliana kwamba tukipanga ndani vile vile, mama hataona tofauti. Tulipanga kama wezi wanaorudisha mali: kabati pale pale, picha ya harusi kwenye tundu lake la msumari, kiti chake kikitazama dirisha, hata sufuria iliyobonyea ikarudi kwenye ndoano yake. Kitu kimoja tu kilibadilishwa. Kaka alimwambia fundi ainue mlango, ili mama asiumie mgongo tena. Alijivunia mlango ule. Akasimama wima ndani yake, akaita, "Mwaitu, njoo uone, sasa unapita kama malkia!"

Mama alisimama wima mlangoni, akapiga hodi.

Kila siku ilikuwa hivyo. Anaingia kama mgeni, anashukuru kwa chai, anasifu kabati lake. Jua likianza kushuka anafunga leso vizuri, anasimama, anasema, "Asanteni sana, wacha niende sasa, watoto wangu wanafika kutoka shule." Watoto wenyewe tumekaa mbele yake, mmoja ana upara! Anatujua, huo ndio uchungu wake. Anamwambia kaka, "Mwanangu, nisindikize nyumbani," na kaka anamjibu, "Mama, hapa ndipo nyumbani," naye anamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa uongo na mtoto mwenye adabu. Tunamshawishi alale siku moja tu. Asubuhi anaamka na kutandika kitanda vizuri kupita kiasi, kama anavyofanya mgeni.

Huko kazini, kibao kilikuwa kimehamishwa. Panya wazima walikwenda mahali pa zamani, wakazunguka, wakakasirika, wakatafuta, na baada ya siku chache wakawa wanakwenda kwenye kipya bila shida. Wale waliopona homa walikwenda mahali pa zamani. Kesho yake, mahali pa zamani. Wanazunguka pale pale juu ya maji matupu mpaka nguvu zinawaishia na nawatoa mmoja mmoja, moyo wa kila mmoja unapiga mkononi mwangu.

Nikamuuliza daktari, "Kwani huyu hakumbuki kitu?"

"Anakumbuka sana, dada," akasema. "Hiyo ndiyo shida yake."

Jioni ile nilimwambia kaka, "Tumekosea. Shida si ndani ya nyumba. Mama hakuwa anajua nyumba kwa kabati, alikuwa anaijua kwa vitu vya nje. Tangi. Kanisa. Ngong iko upande gani."

Kaka alikuwa amechoka, buti za kiwanda bado miguuni. "Sasa unataka nihamishe Ngong?" akasema.

Nilicheka. Sote wawili tulicheka, kicheko kile kibaya. Kisha akatazama nyuma ya mlango, kufuli lilikokuwa limetundikwa kwenye msumari wake ule ule, maana hata hilo tulikuwa tumelihamisha. "Sikiza," akasema, "hapa hajui njia ya dukani wala ya kurudi. Siku atatoka ndiyo hiyo. Na wewe ulikubali."

Nilikubali, ndiyo. Kwa vile mchana sote tulikuwa kazini, nilimwomba mama mboga wa pale langoni amwangalie kwa jicho moja. Kila nikirudi jioni nilitazama kwanza mlango. Mpaka nione msumari bado umebeba kufuli ndipo nilipumua.

Siku yenyewe ilikuwa ya jaribio la mwisho. Siku ya mwisho ya kila kundi tunatoa kibao kabisa. Panya anatiwa kwenye beseni lisilo na kitu, na tunapima anatafuta wapi. Anayezunguka mahali fulani bila kuondoka, huyo ndiye anayekumbuka. Mwiko ni kutia mkono kabla kengele haijalia. Nililichukia jaribio hilo kuliko yote. Nilikuwa nimemtia mmoja wa wale waliopona, na amefika mahali pa zamani, anazunguka, anazunguka, nilipoitwa kwenye simu ya ofisi.

"Mama hayuko," kaka akasema. Alikuwa analia au anakimbia, sikujua. Mama mboga alikuwa anahudumia wateja, akageuka, mama hayupo. Kaka alikuwa ameshakwenda stendi, polisi, barabarani, hata zahanati.

Nilikuwa najua aliko kabla hajamaliza. "Nipate kwa ploti ya zamani," nikamwambia. Nikarudi chumbani kwanza. Kengele ilikuwa haijalia. Nikatia mkono nikamtoa yule panya, nikamfunika kwa taulo, nikamwambia daktari anisamehe, nina mgonjwa. Hakufoka. Alitazama tu taulo.

Kaka alifika wakati mmoja nami. Mfuko wa suruali yake ulikuwa umevimba, na sikuhitaji kuuliza umebeba nini. Ploti ilikuwa tupu. Imebaki sakafu ya saruji iliyopasuka, lundo la mawe ya kujengea, na kokoto. Kando ya ua alikuwa amesimama jirani yetu wa zamani, bibi wa Kimaasai, fimbo yake mkononi.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia.

"Iko," akaitikia. Kisha akaonyesha kwa kidevu. "Mama yako ako kwake. Alikuja kwa miguu na hiyo barabara ya Namanga. Tangu mchana anaingia tu na kutoka. Mimi nimekaa hapa nimwangalie."

Mama alikuwa anakuja kutoka upande wa dukani, mkoba mkononi. Vumbi limempanda mpaka magotini. Akatafuta tangi jeusi kwa macho, akaliona. Akageuka, Ngong ikawa kushotoni kwake. Akatembea moja kwa moja mpaka ukingo wa ile sakafu, na pale, palipokuwa na hewa tupu, akainama. Akainua mguu kuruka kizingiti. Akanyooka. Hakupiga hodi. Akaweka mkoba mahali meza ilipokuwa, akakalia jiwe, akavua viatu, na uso wake ukatulia jinsi ambavyo sikuwa nimeuona umetulia tangu tuhame.

Kaka akanong'ona, "Amepotea kabisa."

Nikamgeukia. "Kaka, fungua macho! Huyu hajapotea. Nani kati yetu anaweza kuonyesha mlango ulikuwa wapi? Wewe unaweza? Mimi siwezi." Nilikuwa nataka kumpiga. Yeye akatia mkono mfukoni, akashika lile kufuli, akakohoa, akaanza kumwendea mama kwa zile hatua zake ndefu.

Mama akamwona. Uso ukamng'aa: mwanangu amefika. Akainua mkono haraka. "Chunga kichwa!" akapiga kelele. "Chunga kichwa, utaumia!"

Na kaka yangu, na urefu wake wote, akainama.

Aliinama mpaka chini kabisa, akaingia. Alikaa sakafuni miguuni pa mama akalia kama mtoto, naye mama akampapasa paji la uso, pale penye alama, akimwambia, "Pole, pole, si nilikuambia?" Bibi wa Kimaasai akageuka upande mwingine kutupa nafasi. Nami nikawafuata. Sijui nilipita mlangoni au nilipita ukutani, lakini niliinama.

Kufuli halikufungwa. Sijui kaka alilitupa wapi, halikurudi kwenye msumari. Tangu siku ile ilikuwa zamu: jioni mmoja wetu anamsindikiza mama "nyumbani," anakaa naye kwenye mawe mpaka atosheke, kisha anamwambia, "Twende tutembee kidogo," na anakuja mwenyewe. Mwenye ploti alikawia kujenga. Mama alifariki kabla hajaanza kuchimba msingi, na hapo Mungu nampa shukrani yake.

Sasa pale ni ghorofa, na chini kuna maduka. Miaka michache baadaye nilikuwa nimetoka na kaka kumwona mgonjwa, kaka akataka kadi ya simu. Tulisimama pale pale, kwenye duka lenye mlango wa kioo, mrefu, twiga angepita. Kaka akainama akaingia. Msichana wa dukani akamwonea huruma, akasema, "Pole mzee, ni mgongo?"

"Hapana," kaka akamjibu, anahesabu sarafu. "Ni mlango. Uko chini sana."

Msichana akatazama mlango wake wa kioo, kisha akanitazama mimi aone kama huyu mzee ako sawa. Nilimshika kaka mkono tukatoka, na tulipofika mlangoni niliinama.